Bakteria wa tumboni na saratani ya kongosho: jibu kwa msomaji wa Umoja

SWALI

Daktari, habari. Naandika kutoka Umoja, Nairobi. Baba yangu ana miaka 61. Mwezi wa pili macho yake yaligeuka manjano na mkojo ukawa kama strungi. Aliwekewa mrija wa kufungua njia ya nyongo, kisha tukaambiwa ana saratani ya kongosho na uvimbe umeshikana na mishipa mikubwa ya damu, kwa hiyo kwa sasa hawezi kupasuliwa. Ameanza kemo, anapewa gemsitabini. Binamu yetu aliye ng'ambo alitutumia makala inayosema saratani hii inaletwa na bakteria wa tumboni. Tangu siku hiyo nyumba haina amani. Mjomba anataka tununue antibiotiki kali tuwamalize hao bakteria. Jirani anauza unga wa "bakteria wazuri", shilingi 14,500 kwa mwezi, na kipimo cha choo cha 38,000 ambacho anasema kinaona kansa kabla haijaanza. Anatuhimiza sisi watoto wanne tupimwe. Ukweli ni upi, na pesa tulizochanga tuzifanyie nini?

JIBU

Pole sana, ndugu yangu, na umfikishie mzee salamu zangu. Kwa kuwa pesa ziko mezani na watu wanazinyemelea, nitaanza na hizo: unga msinunue, kipimo cha choo msilipie, na mjomba aache antibiotiki dukani. Sasa nieleze sababu, maana neno "msinunue" peke yake halimtulizi mjomba aliyekwisha kusoma makala.

Makala ya binamu haikutungwa hewani. Sisi tuliosoma udaktari zamani tulifundishwa kwamba kongosho ni mahali safi, hapakai kijidudu. Bakteria tuliwahesabu kwingine. Mwaka 2016 watafiti wa taasisi ya Weizmann nchini Israel walikadiria kwamba mtu mzima hubeba bakteria trilioni 38 hivi, ilhali seli zake mwenyewe ni trilioni 30. Na ukiweza kuwaweka wote kwenye mizani, hawafiki robo kilo. Wengi sana wako kwenye utumbo mpana, wakichachusha mabaki ya githeri na sukuma, wakitengeneza vitamini, wakiifundisha kinga ya mwili kutofautisha mgeni na mwenyeji. Jamii yote hiyo, pamoja na kuvu na virusi vilivyomo, ndiyo wataalamu huiita mikrobiomu. Kongosho halikuwemo kwenye hesabu.

Lakini tazama ramani ya mwili. Kongosho limelala nyuma ya tumbo la chakula, na kichwa chake kimekumbatiwa na mwanzo wa utumbo mwembamba. Lina mfereji unaomwaga majimaji ya kusaga chakula, na mfereji huo hufunguka ndani ya utumbo kwenye tundu moja na njia ya nyongo. Panapotoka maji, kuna kiumbe kinachoweza kupanda. Mwaka 2018 watafiti wa New York waliwalisha panya bakteria waliotiwa alama ya kung'aa, na baadaye wakawakuta ndani ya kongosho.

Kisa ninachokipenda zaidi, hata hivyo, kilianza kwa uchafu. Watafiti wa Weizmann hao hao walikuwa wakiotesha seli za saratani pamoja na seli za kawaida za binadamu, waone ni zipi zinazoisaidia saratani kuhimili dawa. Wakapata seli fulani za ngozi ambazo zikiwepo tu, gemsitabini inageuka maji. Gemsitabini ndiyo dawa ya baba yako. Kumbe ngozi haikuwa na lolote. Seli zile zilikuwa zimeingiliwa na bakteria mdogo sana aitwaye Mycoplasma hyorhinis. Yeyote aliyewahi kuotesha seli maabara amemlaani kiumbe huyo, na kawaida chupa humwagwa kazi ikaanza upya. Hawa hawakumwaga. Waliuliza: anaifanyaje dawa? Wakakuta ana kimeng'enya kinachoivunja gemsitabini na kuiacha bila makali. Ndipo wakaenda kutafuta bakteria kwenye vipande vya saratani ya kongosho vilivyotolewa kwa wagonjwa wenyewe. Katika vipande 113, walikuta chembe za urithi za bakteria kwenye 86, yaani asilimia 76. Katika makongosho 20 yasiyo na saratani, walizikuta kwenye 3 tu. Wengi wa bakteria hao walikuwa wa ukoo mmoja na wale wa kawaida wa utumbo, kama E. coli, na ukoo huo unacho kimeng'enya chenyewe. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017.

Hapo najua mjomba amesimama: si ndiyo hiyo, tuwaue! Hata watafiti walijaribu. Walichukua panya wenye uvimbe, wakawapandikizia bakteria, na gemsitabini ikashindwa kazi. Walipoongeza antibiotiki iitwayo siprofloksasini, gemsitabini ikaanza kufanya kazi tena. Makala nyingi za mtandaoni huishia hapo. Zinachoacha ni kwamba uvimbe wa panya wale ulikuwa wa saratani ya utumbo mpana, si ya kongosho, na bakteria waliwekwa pale kwa mkono wa mtafiti. Jaribio lilionyesha kwamba jambo hilo linawezekana. Kama ndilo linalotokea ndani ya baba yako, halikuonyesha.

Na baba yako ana jambo jingine linalochanganya hesabu: ule mrija wa nyongo. Kwa kawaida tundu la nyongo lina msuli unaolibana, na nyongo inayoshuka husafisha njia. Mrija huacha mlango wazi saa zote, na bakteria wa utumbo hupanda wapendavyo. Wagonjwa wengi wa saratani ya kongosho huwekewa mrija kama huo kabla ya upasuaji, kwa sababu uvimbe ukiwa kwenye kichwa cha kongosho huibana njia ya nyongo. Ndiyo maana macho ya mzee yaligeuka manjano. Basi ukikuta bakteria kwenye uvimbe uliokatwa baadaye, utajuaje walikuwepo tangu mwanzo? Ukiwakuta watu kumi ndani ya nyumba iliyovunjwa mlango, huwezi kutaja papo hapo nani mwizi na nani jirani aliyeingia kuchungulia.

Hilo ndilo jibu langu kwa neno "inaletwa". Saratani hii huanza kwa makosa katika chembe za urithi za seli za kongosho. Jeni moja, KRAS, huwa imeharibika kwa zaidi ya wagonjwa 90 kati ya 100. Watafiti wa Johns Hopkins walikadiria mwaka 2010 kwamba tangu kosa la kwanza mpaka uvimbe kuwa saratani kamili hupita zaidi ya miaka 10. Kwa hiyo kilichoanza ndani ya mzee kilianza zamani, pengine wewe ukiwa bado shule, na hakuna mlo wa mwaka jana wala dawa ya minyoo iliyosahauliwa ya kulaumiwa. Yanayoongeza hatari tunayajua: umri, sigara, unene, kisukari cha muda mrefu, pombe nyingi inayoliumiza kongosho mwaka hadi mwaka, na jeni za ukoo. Mara nyingi mgonjwa hana hata moja ya hayo zaidi ya umri. Wala haiambukizi, kama kuna mtu nyumbani ameanza kutenga vikombe.

Bakteria wanaingia wapi basi? Kwa ninavyoisoma sayansi ilivyo leo, wanaingia kama wasaidizi wa pembeni, na kazi yao kubwa iko kwenye kinga ya mwili. Kikundi cha New York nilichokitaja kiliwapa panya wenye saratani ya kongosho antibiotiki, na saratani ikakua polepole zaidi. Walipowarudishia bakteria kutoka kwa panya wagonjwa, ikaongeza mwendo. Bakteria walikuwa wakiwalaza usingizi askari wa kinga walio karibu na uvimbe. Bila wao, askari wakaamka, na dawa za kuchochea kinga zikaanza kufanya kazi mahali ambapo kwa kawaida hazifui dafu.

Halafu kuna upande wa pili, na huu binamu hakuutuma. Mwaka 2019 watafiti wa Houston walilinganisha uvimbe wa watu walioishi miaka mingi baada ya upasuaji na wa watu waliofariki mapema. Walioishi walikuwa na bakteria wa aina nyingi zaidi ndani ya uvimbe, si wachache. Choo cha watu hao kilipopandikizwa kwa panya, saratani ya panya ikapungua kasi. Mwaka 2023, watafiti wa Hamburg nchini Ujerumani walipima damu ya wagonjwa wa saratani ya kongosho iliyokwisha kusambaa. Waliofaidika na kemo walikuwa na kiasi kikubwa zaidi cha kemikali moja inayotengenezwa na bakteria wa utumbo kutokana na triptofani, kijenzi kimoja cha protini tunachokipata kwenye mayai, nyama na maharagwe. Walipowapa panya kemikali hiyo, kemo ikafanya kazi vizuri zaidi.

Sasa mwambie mjomba atazame picha nzima. Kuna bakteria wanaovunja dawa, kuna wanaolaza kinga, na kuna wanaoipa kemo makali. Wote wanaishi mtaa mmoja. Antibiotiki kali haibishi hodi kuuliza nani ni nani.

Tena nieleze jambo ambalo wauzaji hawalisemi kamwe, nalo ni kwamba uwanja huu umeteleza vibaya mara kadhaa. Uvimbe wa kongosho una bakteria wachache mno. Ukitafuta vitu vichache namna hiyo, hata vumbi la maabara, maji ya dawa za kupimia na ngozi ya mpimaji vinaweza kuonekana kama ugunduzi. Mwaka 2019 ilichapishwa kazi iliyosema kuvu aina ya Malassezia, anayeishi kwenye ngozi za watu, huhamia kwenye kongosho na kuichochea saratani. Dunia ilitetemeka. Mwaka 2023 watafiti wengine wa Marekani waliipitia data ile upya, wakatafuta pia kwenye sampuli zao, na hawakuona kuvu wa kutosha kuithibitisha hadithi hiyo. Kisa kikubwa zaidi kilihusu kazi ya mwaka 2020 kutoka California, iliyodai kwamba aina 33 za saratani zinaweza kutambuliwa kwa alama za vijidudu, tena kwa usahihi wa kushangaza. Wengine walipofungua hesabu mwaka 2023, walikuta vipande vya chembe za urithi za binadamu vimehesabiwa kuwa bakteria, na orodha ilikuwa na vijidudu ambavyo havijawahi kuripotiwa kuishi ndani ya mtu. Makala ile iliondolewa rasmi mwaka 2024. Lakini kati ya 2020 na 2024 ilinukuliwa mamia ya mara. Makala ya binamu ni ya mwaka gani? Muulize.

Sisemi yote ni uongo. Kazi ya gemsitabini imesimama vizuri, na ya Hamburg naiheshimu. Ninachosema ni kwamba hakuna hata moja iliyofika mahali pa kumwambia mgonjwa wa Umoja anywe hiki au kile.

Turudi kwa antibiotiki, maana najua mjomba bado hajakaa. Ni kweli kuna rekodi za wagonjwa wazee wa Marekani, zilizochambuliwa mwaka 2023, zilizoonyesha kwamba walioandikiwa antibiotiki karibu na wakati wa kuanza gemsitabini waliishi muda mrefu kidogo zaidi. Kidogo. Na ni rekodi tu: hakuna aliyepangiwa kwa bahati nasibu nani apewe na nani asipewe, kwa hiyo huwezi kujua ni dawa iliyosaidia au ni tofauti nyingine kati ya wagonjwa. Kwa upande mwingine, wagonjwa wa saratani za mapafu na figo waliotumia antibiotiki karibu na wakati wa tiba ya kuchochea kinga walifanya vibaya zaidi katika utafiti uliochapishwa 2018.

Madhara ya kununua kapsuli dukani bila daktari, hayo hayana utata. Nimewahi kumpokea mzee aliyeharisha siku tisa kwa sababu familia ilimpa antibiotiki mbili kwa pamoja "kusafisha tumbo". Bakteria wa kawaida walikufa, akabaki mmoja mkorofi aitwaye Clostridioides difficile, akajitawalia utumbo. Kemo ilisimamishwa wiki kadhaa. Na kuna hili, ambalo ndilo hunikosesha usingizi: baba yako ana mrija, na yuko kwenye kemo inayoshusha chembe nyeupe za damu. Siku moja anaweza kupata homa ya ghafla na kutetemeka, kwa sababu mrija umeziba na bakteria wamejazana kwenye njia ya nyongo. Siku hiyo atahitaji antibiotiki kweli, kwa mshipa, haraka. Mkiwa mmezitumia ovyo, bakteria watakaokuwa wamebaki ni wale waliokwisha kuzizoea, na hapa Nairobi sugu tayari ni wengi mno. Risasi usizimalize kwa kuwinda kivuli.

Unga wa jirani nao. Watu huuchukulia kama chakula: usipofaa hautadhuru. Mwaka 2008 Waholanzi walichapisha jaribio ambalo kila muuzaji wa "bakteria wazuri" angefaa alisome. Wagonjwa wapatao 300 wenye uvimbe mkali wa ghafla wa kongosho, ambao si saratani, waligawanywa mara mbili. Nusu wakapewa mchanganyiko wa bakteria wazuri, nusu wakapewa unga mtupu. Kila mtu alitarajia bakteria wapunguze maambukizi. Hawakupunguza. Waliopewa unga mtupu walifariki asilimia 6. Waliopewa bakteria wazuri walifariki asilimia 16. Mzee wako hana ugonjwa ule na siwezi kuhamisha tarakimu zile moja kwa moja kwake. Lakini neno "wazuri" halina maana mpaka useme wazuri kwa nani, wakiwa wapi, mtu akiwa katika hali gani. Kwa mgonjwa aliye kwenye kemo, bakteria hai wa kwenye mkebe wanaweza, mara chache, kuingia kwenye damu. Maziwa lala ya dukani yaliyochemshwa kiwandani ni sawa kabisa kama anayapenda. Uji wa wimbi uliochachushwa kisha ukapikwa, sawa pia. Mursik na maziwa mabichi kutoka kwa shemeji wa Bomet yasubiri kemo iishe.

Kuhusu kipimo cha choo, kuna mbegu ya ukweli, na ndiyo maana kinauzika. Mwaka 2022 watafiti walipima choo cha wagonjwa wa saratani ya kongosho na watu wazima wenye afya nchini Hispania, wakapata mkusanyiko wa aina 27 za vijidudu uliowatofautisha vizuri, kisha wakaujaribu kwa Wajerumani na ukafanya kazi. Ni kazi nzuri. Lakini ilitofautisha watu waliokwisha kuugua na wasiougua. Haikuonyesha kwamba unaweza kumpima kijana wa miaka 30 leo ukamwambia ataugua akifika 60. Na walikuwa Wahispania na Wajerumani. Mwaka 2025 ulichapishwa uchunguzi wa bakteria wa utumbo wa wanawake 1,801 kutoka Burkina Faso, Ghana, Afrika Kusini na Kenya. Wa Kenya walikuwa wakazi wa hapa hapa Nairobi. Walikutwa na bakteria wengi ambao walikuwa hawajawahi kuandikwa popote, na tofauti kubwa kati ya mji na mji, kijiji na kijiji. Sasa kipimo kilichofundishwa kwa choo cha Madrid kitasomaje choo cha Umoja? Kitakutolea karatasi ya rangi nzuri, na 38,000 yako itakuwa imekwenda. Mkiwa wanne, ni 152,000.

Mngeniuliza kipimo gani cha maana, ningekitaja kimoja, nacho ni cha baba, si cha watoto. Kati ya wagonjwa 100 wa saratani ya kongosho, 5 hadi 10 wamezaliwa na jeni yenye kasoro, kama BRCA2, ile inayotajwa sana kwenye saratani ya matiti. Ikionekana kwa mzee, kwanza inaweza kubadilisha aina ya kemo, kwa sababu saratani zenye kasoro hiyo huitikia vizuri zaidi dawa za jamii ya platini. Pili, ndipo nyinyi watoto mtakuwa na sababu ya kupimwa, tena kitu mahususi. Mwambie daktari wa saratani: "Tunaomba kujua kama baba anafaa kupimwa jeni za kurithi." Hasa kama kwenu kuna shangazi aliyeugua matiti au ovari, au mwingine aliyeugua kongosho. Mtaje kila mmoja, hata wale ambao ukoo unanong'ona tu kwamba "alikufa na tumbo".

Kama hamna jeni wala jamaa mwingine aliyeugua, hatari yenu iko juu kidogo kuliko ya jirani, na bado ni ndogo. Anayevuta sigara aache. Sigara peke yake karibu huizidisha hatari mara mbili. Na sasa niseme kuhusu meno, kwa sababu hapa bakteria wanarudi kwa namna inayomgusa mtu wa kawaida. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walichunguza mate yaliyohifadhiwa ya watu 361 ambao baadaye waliugua saratani ya kongosho, wakayalinganisha na ya watu 371 wasiougua. Waliokuwa na Porphyromonas gingivalis, bakteria wa ugonjwa wa fizi, walikuwa na hatari iliyozidi kwa asilimia 60 hivi. Sigara na kisukari navyo huozesha fizi, na ingawa watafiti walijaribu kuviondoa kwenye hesabu, mimi siamini kwamba hesabu yoyote huviondoa vyote. Hata hivyo, fizi inayotoka damu kila ukipiga mswaki ni ugonjwa kwa haki yake, na kuisafisha kwa daktari wa meno ni rahisi kuliko mkebe mmoja wa ule unga.

Jambo jingine la kukumbuka ni kisukari kinachoanza ghafla baada ya miaka 50 kwa mtu anayepungua uzito badala ya kunenepa. Karibu mmoja katika kila 100 wa wanaopata kisukari kipya umri huo hugundulika na saratani ya kongosho ndani ya miaka mitatu. Tisini na tisa hawana, kwa hiyo msitishane. Lakini mama au mjomba akianza kukojoa sana na suruali ikaanza kulegea, asiishie kupewa vidonge vya sukari tu.

Basi pesa mlizochanga. Kuna kitu ambacho mara nyingi sana hakitajwi kliniki kwa sababu foleni ni ndefu, nacho ndicho kingembadilishia mzee wiki zake: vimeng'enya vya kongosho. Kongosho lililoziba halimwagi majimaji ya kusaga mafuta na protini. Mgonjwa anakula, chakula kinapita. Choo kinakuwa cha mafuta, kinaelea, kinanuka kupita kiasi, hakishuki ukivuta maji. Tumbo linajaa gesi. Uzito unaporomoka, na familia inadhani ni kemo au ni saratani inayomla. Muulizeni bila haya choo chake kiko vipi. Kama ni hivyo, mwambieni daktari amwandikie vimeng'enya hivyo vya kapsuli. Humezwa pamoja na chakula, kuanzia tonge la kwanza, si nusu saa kabla wala baada ya kula, na humezwa pia na vitafunio vyenye mafuta au maziwa. Si rahisi kwa bei, na ndiyo maana nasema mtunze ile 14,500.

Kama nyinyi ni Waislamu, mjue mapema kwamba vimeng'enya hivi hutengenezwa kutokana na kongosho la nguruwe. Nimeona familia ya Eastleigh ikigundua hilo kwenye karatasi ya ndani ya boksi, na mama akasusa bila kumwambia mtu, akaendelea kukonda. Waliongea na sheikh wao, akawaeleza suala la dharura pasipo na dawa mbadala, na mama akaanza kumeza kwa moyo mweupe. Mazungumzo hayo yafanyike kabla ya kununua.

Chakula chenyewe kiwe kidogo kidogo, mara tano au sita kwa siku. Mayai, omena iliyosagwa, ndengu laini, parachichi ikiwa vimeng'enya vipo, uji uliotiwa maziwa au njugu. Githeri ngumu na mboga nyingi zenye nyuzi ni chakula bora cha bakteria wa mtu mwenye afya, yaani wewe. Kwa mzee sasa hivi humjaza kabla hajapata nguvu. Watu wakija na orodha za "asile nyama, asile sukari, asile ngano", washukuruni muweke orodha kwenye droo. Kipimo cha sukari ya damu afanyiwe, kwa kuwa kongosho ndilo linalotoa insulini, na kila wiki mumpime uzito kwa mizani ile ile, mwandike kwenye daftari. Daftari hilo mwende nalo kliniki pamoja na orodha ya kila kitu anachomeza, hata mitishamba. Na kama mzee anapewa gemsitabini peke yake, ulizeni kwa adabu kwa nini haikuongezewa dawa nyingine. Pengine ni nguvu za mwili wake, pengine ni gharama. Mna haki ya kujua ni ipi.

Mwisho, nunueni kipimajoto cha kwapani. Bei yake haifiki ya siku mbili za ule unga. Kikisoma 38 au zaidi, au mzee akianza kutetemeka kwa baridi, au macho yakirudi kuwa manjano na mkojo kuwa strungi, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo na mseme mlangoni maneno mawili: yuko kwenye kemo, ana mrija wa nyongo. Hata kama ni saa nane usiku, msingoje kupambazuke.